Shajara ya mradi: Kuandika maisha ya Babu, mkulima

Januari: tunapoanzia

Familia imekubaliana kwamba maisha ya Babu yaandikwe. Aliishi miaka tisini na zaidi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo ilipita kwenye shamba lile lile, akilima, akifuga na kulea. Hakuwahi kuajiriwa, kwa hiyo hana faili kwenye ofisi yoyote. Hakushika cheo, kwa hiyo hatajwi kwenye mihutasari ya mikutano. Tukinyamaza, wajukuu wa watoto wetu watabaki na jina tupu. Nimekabidhiwa kazi tatu: kitabu kidogo cha familia, rekodi za sauti za waliomfahamu, na hifadhi ya picha na karatasi zake.

Nimewapigia ndugu simu, nikamwomba kila mmoja anipe neno linalomfaa Babu. Mchapakazi, mpole, mkweli, mkarimu, mpenda familia. Yote ni kweli, lakini nikiyasoma kwa pamoja simwoni. Maneno hayo husemwa juu ya kila jeneza la mzee aliyeheshimika. Ndiyo maana nimeweka sharti la kwanza la mradi, na ndugu wameliridhia: hakuna sifa itakayoingia kitabuni bila tendo linaloithibitisha, na mtu aliyeliona tendo hilo. Anayesema Babu alikuwa mkarimu atueleze alimpa nani nini, na siku hiyo ghalani kulikuwa kumebaki kiasi gani.

Kwa makadirio ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, dunia ina mashamba zaidi ya milioni 600, na zaidi ya asilimia 90 ya mashamba hayo ni ya familia. Umoja wa Mataifa uliufanya 2014 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Kilimo cha Familia, kisha ukatenga muongo mzima, 2019 hadi 2028, kwa ajili hiyo hiyo. Takwimu hizo zinajaa watu kama Babu, na wengi wao wanaondoka bila hata ukurasa mmoja. Huyu ni wetu, nasi tuna wajibu naye.

Februari: sauti

Nimeanza na Bibi. Utaratibu niliouweka: simu iwe kwenye hali ya ndege ili isilie katikati ya maneno, programu ya kurekodi ihifadhi kwa WAV, aina ya faili inayobakiza sauti yote, kwa kilohezi 48 na biti 24. MP3 huondoa sehemu ya sauti ili faili liwe dogo, na kilichoondolewa hakirudi tena. Simu naiweka juu ya kitambaa kilichokunjwa, maana meza tupu husafirisha kila mgongano wa kikombe hadi kwenye kipaza sauti. Jogoo akiwika tunamwacha awike. Babu mwenyewe aliishi na sauti hiyo.

Kazi kubwa iko kwenye swali. Ukiuliza "Babu alikuwa mtu wa namna gani?" unaletewa hotuba. Swali la "Akiamka alianza na nini?" lilimfanya Bibi azungumze mpaka jua likahama dirisha.

"Alianza na moto," alisema. "Miaka yote niliyokaa naye, moto wa asubuhi aliuwasha yeye. Nikitoka nakuta maji yameshachemka. Wenzake walimcheka. Akawajibu: mwenzangu anashinda na jembe mkononi na mimba tumboni, mimi nishindwe na kijinga cha moto?"

Baada ya moto alikwenda zizini gizani, akapapasa pua za ng'ombe mmoja baada ya mwingine. Pua ya ng'ombe mzima huwa na unyevu. Iliyokauka humwambia mfugaji akae karibu na mnyama huyo siku hiyo. Akirudi ndani alipita kwa watoto waliolala, akagusa paji la uso la kila mmoja kwa mgongo wa mkono, kisha ndipo akachukua jembe. Bibi aliyasema haya yote kwa mfululizo mmoja, zizi na kitanda bila kituo katikati, na nimeamua kitabuni yabaki hivyo hivyo.

Ratiba ya mahojiano yanayofuata nimeipanga kwa kutumia jambo ambalo watafiti wa kumbukumbu walilibaini zamani: watu waliovuka makamo hukumbuka kwa wingi zaidi mambo ya umri wa kati ya miaka 10 na 30 hivi. Bibi namuuliza miaka ya mwanzo ya ndoa. Baba mkubwa na Shangazi nawauliza miaka yao ya shule. Baba mdogo, kitinda mimba, namwachia miaka ya kujenga matuta shambani. Hivyo kila kipindi cha Babu kitapata shahidi aliyekishuhudia akiwa na macho mapya.

Machi: kutafuta miaka

Bibi hahesabu kwa kalenda. Anahesabu kwa mimba, mavuno na mambo makubwa yaliyotangazwa na redio. Nimechora mstari mrefu kwenye karatasi, nikaweka juu yake matukio yenye tarehe zisizobishaniwa, kisha chini yake nikaanza kuning'iniza ya kwetu. Vita vya Pili vya Dunia vilikwisha 1945; Babu alikuwa tayari mvulana wa kuchunga. Binadamu walitua mwezini tarehe 20 Julai 1969. Shangazi alikuwa bado anabebwa. Anakumbuka Babu akimpandisha mabegani, wakatoka nje, akamwonyesha mwezi na kumwambia kuna watu kule juu. Alikuwa mdogo kiasi cha kuamini kwamba watu hao walikuwa wakimwona yeye.

Kimondo cha Halley, nyota yenye mkia, kilipita mapema 1986. Hupita kila baada ya miaka 76 hivi. Kabla ya hapo kilipita 1910, na kitarudi 2061. Babu alisikia habari zake redioni, akawaamsha watoto wote kabla ya alfajiri, waliokuwa wakubwa na waliokuwa bado wanalia kwa usingizi. Kwa mujibu wa Baba mdogo aliwaambia hivi: "Mimi sitakiona tena. Nyinyi mkijaliwa mtakiona, mtanikumbuka." Hakuna kati ya watoto wake atakayekuwa kijana mwaka huo, lakini vitukuu watakuwepo, na ukurasa huu tunauandika kwa ajili yao.

Kulikuwa na ubishi wa muda mrefu juu ya picha moja: Babu amepiga magoti kando ya ndama, amemshika mtoto mchanga kwapani, mtoto ameweka kiganja kwenye shingo ya ndama. Baba mkubwa amekuwa akidai mtoto ni yeye. Picha ni ya mraba, fremu yake nyeupe ni nene upande wa chini: ni ya Polaroid, ya aina ile iliyotoka na kamera ya SX-70 mwaka 1972. Baba mkubwa wakati huo alishakuwa mvulana wa shule. Mtoto ni Baba mdogo. Baba mkubwa amekubali, na ameomba apewe nakala ya picha hiyo hata hivyo.

Picha nyingine zilikuwa kwenye albamu ya kurasa zenye gundi na plastiki juu, ambazo huzila picha polepole. Nimezibandua kwa uzi wa kusafishia meno, nikiupitisha chini taratibu kutoka kona moja hadi nyingine. Nyuma ya kila picha naandika kwa penseli laini pembezoni, maana wino hupenya hadi mbele. Za rangi zimefifia kuliko zile za zamani zisizo na rangi, ambazo taswira yake ni ya fedha halisi na hudumu zaidi.

Aprili: madaftari

Madaftari yalikuwa ndani ya debe lenye kifuniko, juu ya dari la ghala. Ni madaftari ya mistari ya watoto wa shule, yale yaliyobaki na kurasa tupu mwisho wa mwaka. Babu alisoma kidogo, lakini mwandiko wake ni wa mtu anayeheshimu karatasi: herufi ndogo, zimeegemea kushoto, hakuna mstari ulioachwa.

Nanukuu ukurasa mmoja kama ulivyo: "Mvua ya kwanza usiku. Mahindi shamba la juu yamekwisha kupandwa. Mtoto homa. Asubuhi afadhali. Ng'ombe mweusi amezaa jike."

Hakutenganisha mambo. Nilitegemea daftari la shamba na daftari la nyumba, nimekuta moja. Homa ya mtoto iko kati ya mahindi na ndama, na maneno yake hayazidi ya hao wengine. Nimeyapitia madaftari yote, na sijaona mahali alipoandika mvua bila kuandika hali ya watu wa nyumbani kabla ukurasa haujaisha.

Kuna mahali ameandika "Wote wamechanjwa sotoka," akapigia mstari mara mbili. Kwa msomaji wa leo ni mstari wa kawaida, kwa hiyo nimeuwekea maelezo. Sotoka ni ugonjwa wa ng'ombe; ilipoingia kwenye kundi lisilo na kinga iliweza kulimaliza karibu lote katika muda mfupi, na familia iliyotegemea maziwa na jembe la kukokotwa ikabaki mikono mitupu. Chanjo iliyotengenezwa na Walter Plowright na wenzake mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilimkinga mnyama maisha yake yote kwa sindano moja. Mwaka 2011 sotoka ilitangazwa kuwa imetokomezwa duniani, ugonjwa wa pili kufutwa na binadamu baada ya ndui, ambayo ilitangazwa kwisha 1980. Babu aliishi kuuogopa ugonjwa huo na akaishi kusikia kwamba umekwisha. Bibi anasema siku alipoambiwa habari hizo alinyamaza kitambo, kisha akaanza kuwataja kwa majina ng'ombe aliokuwa nao siku ile ya chanjo.

Kurasa naziskani kwa dpi 300, yaani nukta 300 kwa inchi, picha ndogo kwa dpi 600, zote kwa TIFF, aina ya faili isiyopoteza undani wa picha. Nakala za JPEG ndizo zinazozunguka kwenye simu za ndugu.

Mei: shamba lenyewe

Mwezi huu nimeupeleka wote shambani, na kama ningelazimika kubakiza sura moja tu ya kitabu ningebakiza hii. Babu aliandika zaidi kwa jembe kuliko kwa kalamu.

Shamba la juu ni mteremko mkali. Babu alipolichukua, kwa maelezo ya Bibi, mvua ikinyesha maji ya mto yalikuwa mekundu kwa udongo wetu. Leo ni ngazi pana, na kila ngazi ina ukingo wa majani ya tembo. Baba mdogo alinionyesha walivyopima. Miti miwili mirefu hufungwa pamoja juu na kutanuliwa chini, mmoja mfupi ukakatiza katikati, uzi wenye jiwe ukaning'inia kutoka kileleni. Unaisimamisha miguu yake mahali pawili na kuweka alama pale uzi unapokatiza mti wa kati, kisha unabadilisha miguu na kuweka alama ya pili. Nusu ya njia kati ya alama hizo ndiyo usawa. Kuanzia hapo unaitembeza mguu kwa mguu kukatisha mteremko, na kila uzi unapotulia kwenye alama ya katikati unachomeka kijiti. Baba mdogo alikuwa mtoto wa vijiti.

Halafu mtaro ulichimbwa kufuata vijiti na udongo ukatupwa upande wa juu. Kazi ya kwanza ilionekana kama tuta dogo tu. Baba mdogo anasema alikuwa akiliruka bila kukimbia. Kilichofuata ni miaka. Kila mvua iliteremsha udongo kidogo, tuta likaukamata, Babu akaliongeza kimo, majani ya tembo yakalishika. Ardhi iliyolala nyuma ya tuta ikawa inasogea kuelekea usawa, msimu kwa msimu. Nilisimama chini ya ukingo wa tatu kutoka juu, ukanifika kifuani. Nilipokwangua kidogo kwa kisu pale paliposhikwa na mizizi michache, udongo wa chini ulikuwa mwekundu na mgumu, na kadiri nilivyopanda juu ulizidi kuwa mweusi na laini, wenye vipande vya mabua na minyoo. Hii ndiyo maana ya "mchapakazi" kwa Babu: aliutengeneza udongo mahali ambapo ulikuwa unaondoka, na alijua tangu siku ya kwanza kwamba watakaolima juu yake kwa raha ni wengine.

Ramani nimeichora kwa kulizunguka shamba na simu. GPS ya simu hukosea takriban mita 5 hata mahali pa wazi, ambayo ni karibu upana wa ngazi nzima, kwa hiyo mipaka ya nje nimeichukua kwa simu na ngazi zenyewe nimezipima kwa futi kamba.

Shangazi alikuja na somo lake. Aling'oa mharage mmoja, akatikisa udongo, akachagua kinundu kwenye mzizi na kukipasua kwa ukucha. Ndani kilikuwa na rangi ya waridi. Babu aliwafundisha watoto wote kufanya hivyo: kikiwa cha waridi maharage yanafanya kazi na mahindi ya mwakani yatashiba, kikiwa kijani au cheupe, palete samadi. Wanasayansi wanaeleza kwamba bakteria walio ndani ya vinundu huchukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula cha mmea, na kwamba rangi ile hutokana na protini yenye chuma, ya ukoo mmoja na ile inayoipa damu yetu wekundu. Babu hakuwa na istilahi hizo. Alikuwa na ukucha na watoto wa kuonyesha.

Mwembe ulio karibu na nyumba unazaa maembe ya aina mbili. Baba mkubwa na Shangazi utotoni walikuwa wakigombana juu ya aina ipi ni tamu, na Babu badala ya kuamua kesi alibebesha vikonyo viwili kwenye shina moja, akihakikisha tabaka la kijani lililo chini ya gome la kikonyo limegusana na la shina. Makovu mawili bado yanaonekana, moja kila upande. Nimeyapiga picha asubuhi, jua likiwa chini, kivuli kikayatoa vizuri.

Juni: mwaka ambao Shangazi hakusoma

Madaftari yana mwaka mmoja ambao ada iliyoandikwa ni ya wavulana peke yao. Nilimuuliza Shangazi mbele ya wote. Akajibu bila kupepesa: mvua zilikatika, mavuno yakawa ya kubeba kwa mikono, na Babu akaamua wavulana waendelee, yeye Shangazi abaki.

Baba mkubwa alitaka sehemu hiyo iachwe. "Mzee amepumzika, mwacheni apumzike." Kikao kilipoa. Naelewa alikuwa akimlinda nani, tena kwa mapenzi. Lakini Shangazi alisema jambo lililonifungulia sura nzima: "Mkiufuta mwaka ule mnafuta na maksai."

Ni kweli, ukurasa wa mbele kidogo unasema: "Maksai mmoja ameuzwa. Ada ya binti." Jembe la kukokotwa linahitaji jozi. Kwa misimu miwili iliyofuata kila ukurasa wa kulima una maneno yale yale, "Tumelima kwa mkono," na Bibi anakumbuka viganja vya Babu vikichanika hadi akawa anavifunga kwa vitambaa. Siku ya kurudi shule alilibeba sanduku la Shangazi kichwani mwenyewe, njia nzima, na hakulizungumzia lile la nyuma. "Hakuniomba radhi kwa mdomo," Shangazi alisema. "Alilima."

Bibi ndiye aliyekata shauri. "Andika yote, mjukuu wangu. Mimi niliishi naye kwenye yote."

Imeingia, uamuzi na gharama yake kwa pamoja. Kwa maoni yangu bila sura hii neno "mpenda familia" lingebaki deni. Babu alipima vibaya mwaka wa njaa, akaliona, na akalipa kwa mgongo wake bila kumtuma mtu.

Julai: kufunga maandishi

Mwezi wa kuhariri, hauna mengi ya kusimulia. Sifa ambazo hazikupata shahidi zimetoka, mojawapo niliipenda sana. Faili zote zina nakala tatu, kwenye hifadhi za aina mbili tofauti, na moja iko mbali na nyumbani: diski ya nje kwa Baba mdogo, kompyuta yangu, na hifadhi ya mtandaoni ambayo nywila yake wanayo watu wawili. Majina ya mafaili yanaanza na mwaka, au muongo pale ambapo mstari wa Machi haukutufikisha kwenye mwaka.

Agosti: nakala za kwanza

Nakala za majaribio zimetoka na zimewafikia wote. Bibi amesomewa kwa sauti na vitukuu kwa zamu. Kwenye ukurasa wa moto wa asubuhi aliwasimamisha na kuongeza kwamba kuni za siku inayofuata Babu alizipasua jioni na kuziingiza ndani, ili zisipate umande. Imeongezwa.

Shangazi amerudisha nakala yake ikiwa na maandishi ya kalamu pembezoni: sanduku lilikuwa la bati, la kijani, na njiani walipumzika kwenye daraja. Toleo la pili litayachukua maneno yake kama yalivyo.

Kilichobaki: ramani ya ngazi ichapishwe kwa ukubwa wa ukurasa mzima, na ukingo wa tatu, ambao umebomoka kidogo upande wa mtaro, urekebishwe kabla ya mvua. Baba mdogo ameshakata miti ya kupimia na watoto wake wataweka vijiti.

Na Baba mkubwa amepiga simu. Anataka arekodiwe tena, safari hii kuhusu ule mwaka, kwa sababu anasema yeye ndiye aliyekuwa akishika mpini wa pili wakati wakilima kwa mkono. Nitakuwa kwake Jumamosi.